Shokapu Haibebi Mzigo: Maoni Yangu kwa Wenye Pikapu za Kubebea Mazao

Leo siongelei mbegu wala viuatilifu. Naongelea shokomzoba za nyuma za gari, ambazo wengi tunaziita shokapu, na hasa zile za kurekebisha ambazo siku hizi wenye pikapu wengi wanazinunua. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, na shokapu wapi na wapi?" Jibu langu ni fupi. Mkulima akihangaika na nyanya zake miezi mitatu, halafu zikapondeka kilomita 40 tu kabla ya kufika sokoni, kazi yangu nayo imepondeka. Na hasara hiyo, kama nitakavyoeleza, mara nyingi analipa mkulima.

Maoni yangu nayasema mapema ili usihangaike kuyatafuta: tunatumia shokapu za kurekebisha kama dawa ya kuzidisha mzigo, na hilo ni kosa. Shokapu haibebi mzigo. Ukiifunga vizuri na kuipangia namba inayolingana na mzigo na barabara, itakulindia mazao na gari. Ukiikaza hadi mwisho ili "gari libebe", itakula mazao yako, gari lako na siku moja inaweza kula watu.

Kilichonifanya niandike

Msimu uliopita nilikuwa shambani kwa mkulima mmoja wa nyanya. Mnunuzi akafika na pikapu yake, mzee ninayemheshimu, yuko kwenye biashara hii miaka mingi. Baada ya shikamoo na marahaba, akashusha bei ya tenga. Mkulima akauliza kulikoni, jana tu jirani kauza kwa bei nzuri zaidi.

"Mwanangu, barabara imeharibika," mzee akasema. "Nikipakia matenga ishirini, mawili hadi matatu yanafika yameshakuwa rojo. Hiyo hasara nitaitoa wapi?"

Mkulima akanyamaza, maana nyanya zilikuwa zimeshaiva na hazisubiri. Mimi nikainama nikachungulia chini ya gari. Shokapu za nyuma zilikuwa mpya, zenye kitufe cha kuzungusha kama kile cha sauti kwenye redio, namba 1 hadi 9. Zote zilikuwa kwenye 9. Springi za nyuma zilikuwa zimelala, gari likiwa tupu kabisa. Chuma kimoja cha springi kilikuwa na ufa.

"Mzee wangu, nani alikuwekea tisa?"

"Fundi. Alisema nikiweka tisa linabeba bila kulala."

Hapo ndipo nilipoona kwamba ubovu wa barabara ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine ilikuwa chini ya gari, na mkulima alikuwa akikatwa bei kwa ajili ya nusu zote mbili.

Springi inabeba, shokapu inatuliza

Tuanze na msingi, maana bila huu mengine hayataeleweka. Kinachobeba uzito wa gari na mzigo ni springi. Pikapu kama Hilux na Land Cruiser za mizigo huwa na springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Magari mengine, kama Land Rover Defender, yana springi za kuzunguka nyuma. Zote kazi yake ni moja: kubeba.

Springi ikishakandamizwa na shimo, inataka kurudi. Ikirudi inapita kiasi, inashuka tena, inapanda tena. Bila shokapu gari litaendelea kudunda kama mpira. Shokapu ina mafuta ndani, na bastola inayolazimisha mafuta hayo kupita kwenye matundu madogo. Mafuta yanapopita kwa shida, mwendo unapungua, na ile nguvu ya kudunda inageuka kuwa joto. Ndiyo maana shokapu inayofanya kazi hupata moto baada ya barabara mbaya.

Sasa, ile ya kurekebisha ina njia ya kubadilisha ugumu wa mafuta kupita. Namba ndogo, mafuta yanapita kwa urahisi, shokapu ni laini. Namba kubwa, mafuta yanapita kwa shida, shokapu ni ngumu. Basi. Hakuna namba inayoongeza uwezo wa gari kubeba. Kama gari lako limetengenezwa kubeba takriban tani moja, hata ukiweka shokapu za bei gani, bado ni la tani moja. Ekseli, breki, tairi na chesisi havijui kwamba umenunua shokapu mpya.

Na kwa nini 9 iliponda nyanya za yule mzee? Kwa sababu mbili. Kwanza, shokapu ikiwa ngumu kupita kiasi, kila pigo la jiwe linapita moja kwa moja hadi kwenye bodi badala ya kumezwa. Pili, springi ikikandamizwa na shimo la kwanza, shokapu ngumu inaichelewesha kurudi. Kabla haijarudi, shimo la pili limefika, halafu la tatu. Gari linazama kidogo kidogo hadi ekseli inagonga chesisi. Wewe unasikia mgongo wa gari unapiga "du!", unasema shokapu bado ni laini, kumbe ni kinyume chake.

Je, ununue za kurekebisha?

Hapa watu wananiuliza sana, kwa hiyo natoa maoni yangu bila kuzunguka.

Kama unakwenda na mzigo na kurudi mtupu, siku hii barabara ya vumbi siku ile lami, shokapu za kurekebisha zina maana kwako. Mzigo unaotofautiana sana ndio sababu yake halisi.

Kama kila siku unabeba mzigo ule ule kwenye njia ile ile, shokapu nzuri za kawaida zinazolingana na gari lako zinakutosha. Pesa inayobaki weka kwenye tairi.

Na kama springi zako zimelala au zina ufa, usinunue shokapu kabisa kwanza. Tengeneza springi. Kuweka shokapu ya bei juu ya springi iliyochoka ni sawa na kumwagilia mche uliooza mizizi.

Kabla ya kununua pima urefu wa zile za zamani na ulinganishe, zikiwa zimefunga na zikiwa zimetanuka. Shokapu fupi mno itavutwa hadi ikatike gari likiruka. Ndefu mno itagonga mwisho wake kabla ekseli haijafika kwenye raba ya kuzuia, na hapo inavunja sehemu inaposhikiliwa kwenye chesisi.

Kufunga: mambo ambayo fundi hapaswi kuruka

Sikwambii uwe fundi. Nakwambia usimame pale ukiona kazi inafanyika, maana gari ni lako.

1. Gari lisimame sehemu tambarare na ngumu. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe au vigingi, mbele na nyuma. Gari likishainuliwa liwekwe kwenye stendi za chuma. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Tumeshazika watu kwa hili.

2. Ekseli iwe imeshikiliwa kwa jeki kabla ya kufungua shokapu ya zamani. Kwenye magari mengi shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiifungua bila kushikilia, ekseli inashuka, inavuta mpira wa breki, na kwa gari lenye springi za kuzunguka, springi inaweza kuchomoka.

3. Nati zilizoshika kutu zipulizwe mafuta ya kulegeza jana yake. Nyundo na hasira huvunja bolti.

4. Shokapu mpya zenye mafuta zisimamishwe wima kama zitakavyokaa kwenye gari, kisha zikandamizwe na kuvutwa mara nne au tano. Zikikaa dukani zimelala, hewa huingia mahali pa mafuta. Usipoitoa, utadhani umeuziwa mbovu. Zile zenye gesi huja zimefungwa mkanda. Ukikata mkanda zinatanuka zenyewe kwa nguvu, kwa hiyo uso na vidole vikae mbali.

5. Fimbo inayong'aa isishikwe na koleo wala kubanwa kwenye jiriwa. Mkwaruzo mdogo tu unakata sili, na ndani ya wiki chache mafuta yanavuja.

6. Bushi za raba ziwe mpya, na washa zirudi mahali pake kwa mpangilio. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua.

7. Kitufe cha kurekebisha kikae upande ambao mkono unafika, mbali na bomba la moshi, na kisiguse mpira wa breki ekseli ikipanda au kushuka.

8. Nati za sehemu zenye bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likining'inia, raba inabaki imejinyonga muda wote na inachanika mapema.

9. Badilisha zote mbili za nyuma kwa pamoja. Moja mpya na moja mzee ni gari linalovuta upande.

10. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbaya, rudi ukague nati zote.

Kupanga namba: tumia daftari, si maneno ya kijiweni

Kama ninavyokwambia upime mvua na uandike, na hapa ni hivyo hivyo. Kwanza soma karatasi ya mtengenezaji. Kisha fanya hivi.

Jaza upepo wa tairi kwa kiwango kinachotakiwa kwa mzigo husika. Tairi lenye upepo mwingi mno hudunda, na utailaumu shokapu bure.

Chagua kipande cha njia unachokipita kila siku, chenye mashimo na sehemu iliyojikunja kama bati. Kwa shokapu yenye namba 1 hadi 9, kama Rancho RS9000, mimi nashauri uanze na 3 ukiwa mtupu. Pita kwa mwendo wako wa kawaida. Kisha ongeza namba moja, pita tena mwendo ule ule. Badilisha namba moja kwa wakati mmoja, na pande zote mbili ziwe sawa. Rudia zoezi ukiwa na mzigo wako wa kawaida, ukianzia 5.

Dalili za laini mno: ukivuka tuta, nyuma inaendelea kudunda mara mbili tatu, kwenye kona gari linalala, ukifunga breki pua inazama na mkia unainuka. Ongeza namba.

Dalili za ngumu mno: kwenye barabara iliyojikunja kama bati, nyuma inarukaruka na mkia unateleza kwenda pembeni, kila jiwe unalisikia kiunoni, kwenye mashimo yanayofuatana gari linazidi kuzama. Punguza namba.

Ile hali ya mkia kuteleza usiichukulie poa. Tairi linaloruka haligusi ardhi, na tairi lisilogusa ardhi halifungi breki wala halifuati usukani. Pikapu tupu yenye shokapu kwenye 9, inarudi kutoka sokoni ikikimbia, na nyuma kuna vijana wameomba lifti. Ajali nyingine tunaziita bahati mbaya, kumbe namba ilikuwa inajulikana.

Zipo shokapu zisizo na kitufe. Baadhi ya Koni, kwa mfano, unazitoa kwenye gari, unazikandamiza hadi mwisho, kisha unazungusha taratibu ukihesabu mizunguko. Hizo huwezi kuzibadilisha kila safari. Zipange kwa ule mzigo unaobeba siku nyingi zaidi, na uandike mizunguko uliyohesabu ili ya kushoto na ya kulia zilingane.

Kipimo kimoja cha bure: ukimaliza kipande kibaya cha njia, simama mahali salama, sogeza mkono taratibu karibu na shokapu kila moja. Zote zinatakiwa ziwe na joto linalokaribiana. Ile iliyo baridi wakati mwenzake ni ya moto haifanyi kazi. Na zote zikiwa za moto sana, punguza mwendo au pumzika, maana mafuta yakichemka na kutoa povu shokapu inapoteza nguvu kabisa.

Mwenye pikipiki, na wewe usikie

Wasomaji wangu wengi hawana pikapu, wana pikipiki. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi za boda zina pete chini ya springi yenye ngazi, mara nyingi tano, inayozungushwa kwa spana ya ndoano. Hii si sawa na kile kitufe cha pikapu. Pete ya pikipiki haigusi mafuta. Inaikandamiza springi mapema ili pikipiki isikae chini ukiwa na mzigo.

Kwa hiyo hapa kupandisha ngazi ukiwa na mzigo ni sahihi. Ukiwa peke yako, ngazi ya chini. Ukiwa na abiria au gunia, pandisha. Pande zote mbili ngazi moja. Kosa la wengi ni kuacha ya juu mwaka mzima, halafu wanashangaa maumivu ya mgongo na mayai yanayopasuka wakiwa na trei mbili tu. Kama hata kwenye ngazi ya mwisho tairi linagusa madigadi, umezidisha. Hakuna ngazi ya sita.

Panga na mzigo pia

Shokapu nzuri haiwezi kuokoa mzigo uliopangwa vibaya. Sehemu inayotikisika zaidi kwenye pikapu ni nyuma ya ekseli ya nyuma, karibu na mlango. Nyanya, mayai na parachichi zilizoiva zikae karibu na kichwa cha gari. Viazi na mahindi ndiyo viende nyuma, na visizidi hadi pua ya gari ikainuka.

Tenga refu linaponda za chini kwa uzito, na za juu zinachubuka kwa kurukaruka. Kreti fupi zilizojazwa vizuri bila kufurika ni bora. Dumu la maziwa lijazwe. Likiwa nusu, maziwa yanajipigapiga njiani na kuanza kutoa vipande vya siagi.

Turudi kwa yule mzee

Alikasirika kidogo, sitaficha. Lakini wiki iliyofuata alibadilisha kile chuma chenye ufa na springi zikarudishiwa mkunjo wake. Tukashusha shokapu, tukajaribu, kwa gari lake na njia yake ikakaa vizuri kwenye 5 akiwa na mzigo na 3 akirudi. Na matenga ishirini yakawa kumi na sita, maana ishirini yalikuwa yanapita uwezo wa gari. Aliniambia safari ya kwanza hakutupa tenga hata moja. Ya pili alitupa nusu. Barabara ni ile ile.

Safari yangu iliyofuata pale shambani, mkulima alimkumbusha: "Mzee, barabara si imepona?" Wakacheka, na bei ikapanda. Haikupanda sana, lakini ilipanda.

Ndugu zangu, tunaipiga vita lumbesa kwenye gunia, lakini lumbesa ya kwenye pikapu tunaifumbia macho, na sasa tumeipatia kitufe cha namba tisa. Mfanyabiashara, kabla hujamkata mkulima bei kwa sababu ya barabara, inama uchungulie chini ya gari lako. Mkulima, nawe usione haya kuinama na kuangalia. Nyanya zinazopanda humo ni jasho lako. Ukiona springi zimelala na kitufe kiko kwenye 9, una haki ya kuuliza, kwa adabu, kabla bei haijakubaliwa.

Nakutakia mavuno mema na safari salama.